Usimuulize Mzee Mwaka: Nilivyojifunza Kuandika Historia ya Timu ya Mtaa

Miaka mitatu iliyopita wanachama wa timu yetu ya Majengo, hapa Mombasa, walinikabidhi kazi ya kuandika historia yake. Hatujawahi kucheza ligi kuu. Tumepanda na kushuka katika ligi za chini tangu kabla sijazaliwa, na kiwanja chetu hakina hata jukwaa. Mwenyekiti alisema timu ina madaftari mawili na picha saba, kwa hivyo kazi ingekwisha kabla ya Ramadhani. Mpaka leo naandika. Mwezi uliopita vijana wawili, mmoja wa Likoni na mwingine wa Changamwe, waliniuliza waanzie wapi na timu zao, na nikaona heri niandike niliyoyaona ili wasipite njia ndefu niliyopita mimi.

Jina la timu yetu silitaji hapa. Wazee walionipa habari waliomba wasomewe mswada kabla haujatoka nje, nami niliwapa ahadi. Hilo liwe la kwanza kwenu pia: kabla ya kumwandika mtu, kubalianeni nani atasoma kwanza.

Kwa nini tujisumbue na timu ndogo? Tazameni klabu ya Feisal. Ligi ya taifa ilianza 1963, Nakuru All-Stars wakawa mabingwa, 1964 wakaja Luo Union, na 1965 taji likashuka Mombasa kwa Feisal. Tangu mwaka huo hakuna klabu nyingine ya Pwani iliyolichukua. Bandari wamemaliza wa pili, wamebeba kombe la mtoano 2015 na 2019, lakini ligi bado. Sasa mtafute kijana wa miaka ishirini pale Mwembe Tayari umwombe akutajie wachezaji watatu wa Feisal ya 1965. Mimi nimejaribu mara nyingi. Ikiwa mabingwa wa nchi wanasahaulika hivi ndani ya mji wao wenyewe, timu ya mtaa itabaki na nini wazee wake wakishaondoka?

Nilianza vibaya. Nilinunua daftari kubwa, nikachora safu: mwaka, kocha, nahodha, mashindano, matokeo. Nikaenda nalo barazani kwa mzee mmoja aliyekuwa winga wetu wa kulia, rafiki wa marehemu baba, ninayemwita Ami. Nikamwamkia, tukaletewa kahawa tungu, nikafungua daftari na kumuuliza timu iliundwa mwaka gani. Akanitazama kwa muda. "Mwanangu, mimi miaka siijui. Mimi najua mechi." Nikamuuliza tena kwa njia nyingine, akasema labda sitini na kitu, labda sabini. Nilimaliza magharibi nzima na safu zangu zikiwa tupu, na yeye akaingia ndani akiwa amechoka na kidogo ameona haya, kama mtu aliyeshindwa mtihani. Haya ile niliisababisha mimi.

Wiki iliyofuata nilikwenda mikono mitupu. Nikamwambia, "Ami, nipe ile mechi ya Kisauni."

Akaanza kuniambia kwamba ilikuwa fainali, na kwamba walikwenda kwa miguu, jezi zikiwa ndani ya kikapu, wakavuka lile daraja la kuelea. Idi ilikuwa imepita siku chache tu, maana beki mmoja alikuwa bado na hina ya harusi mkononi. Alioa Idi mosi. Na kipa wao, kijana aliyekuwa akisoma shule ya bweni, alikuja uwanjani na sanduku lake la bati limeshafungwa kamba, kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa na basi lilikuwa likimsubiri.

Nilirudi nyumbani nikakaa na hayo. Daraja la kuelea la Nyali lilijengwa 1931, na daraja jipya likafunguliwa 1980. Basi mechi haikuvuka 1980. Nikachukulia ni muhula wa tatu, ambao wakati huo ulifunguliwa mwanzo wa Septemba baada ya likizo ya Agosti, kwa hivyo Idi iliangukia mwishoni mwa Agosti. Ramadhani hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Nikatafuta kalenda ya zamani: 1980 Idi ilikuwa karibu na tarehe 12 Agosti, mapema mno kwa sanduku lile. 1979 ilikuwa karibu na tarehe 24. 1978 iliangukia Septemba, shule zikiwa tayari zinafunguliwa au zimeshafunguliwa. Imebaki 1979. Mzee asiyejua miaka alikuwa amenipa mwaka, na karibu anipe wiki yenyewe, na kila alichonipa kilikuwa kitu alichokiona kwa macho: daraja, hina, sanduku.

Tangu hapo siulizi mwaka. Nauliza mlivuka vipi, mlivaa nini, nani alikuwa amelazwa, mlikula wapi mkishinda. Baadaye peke yangu natafuta kamba za kufungia. Mombasa ina kamba nyingi za namna hiyo ukizijua. Mvua za Uhuru ni 1961. Mapinduzi yaliyoshindwa ni Agosti 1982. Vurugu za Likoni ni Agosti 1997, na mvua kubwa za El Nino zikafuata miezi michache baadaye. Mzee akisema Salim Road, ujue ni Digo Road ya leo. Akisema Kilindini Road, ni Moi Avenue. Majina ya wapinzani nayo yanasaidia: timu ya bandarini iliitwa Cargo kabla ya kuitwa Bandari, kwa hivyo "tuliwafunga Cargo" na "tuliwafunga Bandari" ni nyakati mbili tofauti hata kama msimulizi ni mmoja. Lakini msiitegemee kamba moja. Mzee anaweza kutumia jina la zamani kwa mazoea, kama wengi wetu tunavyofanya, na wewe ukarudisha mechi nyuma miaka kumi. Mimi siandiki mwaka mpaka vitu viwili visivyojuana viukubali.

Na kuna kamba isiyovutwa ovyo. Feri ya Mtongwe ilizama tarehe 29 Aprili 1994, wakafa watu zaidi ya 250. Niliwahi kumuuliza mzee wa Likoni, haraka haraka, kama kombe fulani lilikuwa kabla au baada ya feri. Akanyamaza, akaanza kusugua goti lake, na mazungumzo yakaishia pale. Mji huu hakuna asiyemjua mtu aliyekuwa mle. Likitajwa na mwenyewe, msikilize. Usilitumie kama rula.

Sasa nije kwenye picha, maana hapa nina jambo linaloniuma. Zile picha saba za mwenyekiti zilikuwa nne nilipozihesabu. Ya tano niliipata kwa mjane wa nahodha wetu wa zamani: wachezaji kumi na mmoja, watano wamechutama mbele, mpira wa ngozi wenye kamba ukiwa kati ya magoti ya mmoja wao, watatu hawana viatu. Nyuma, kwa wino wa buluu, mtu alikuwa ameandika majina yote kumi na moja kwa mpangilio wa waliosimama na waliochutama. Bibi huyo hakutaka itoke nyumbani. Nikamsihi, nikaipeleka studio moja mjini isafishwe na kukuzwa. Nilipokwenda kuichukua waliniambia haionekani. Nilirudi mara sita. Haikuonekana, na kumwambia yule bibi ni siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote katika kazi hii. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nilikuwa nimenakili yale majina. Sikuwa nimenakili.

Picha isitoke nyumbani kwa mwenyewe. Iweke mkekani karibu na mlango, pasipo jua la moja kwa moja, zima taa ya simu, simama juu yake na upige mbele, kisha igeuze upige nyuma hata kama unaona ni tupu. Palepale, mbele ya mwenye picha, gusa kila uso na umwache akutajie, huku simu ikirekodi sauti. Jioni hiyohiyo nakala ziende mahali pawili zaidi ya simu yako. Hilo la kugusa nyuso ndilo kubwa. Picha ya timu isiyo na majina ni watu wamesimama uwanjani.

Kitu kingine nilichochelewa kukijua: nilipita mwaka mzima nikizungumza na wanaume peke yao. Kisha Ami akataja kwamba kikapu kile cha jezi kilikuwa cha dada yake, ambaye ndiye aliyefua jezi za timu kwa miaka mingi bila malipo. Nikaenda kwake, nikamwamkia, nikamweleza nataka nini. Akashangaa kidogo, kisha akaanza kusema na hakunyamaza mpaka adhana ya isha.

Sisi tumekua tukiambiwa kwamba timu yetu inavaa kijani kwa sababu ni rangi ya dini, na kwamba waasisi walikaa wakaichagua. Mama huyu anasema jezi za kwanza zilikuwa nyeupe. Maji ya kisima cha Majengo yana chumvi, sabuni haitoi povu, na kila akifua, nyeupe inazidi kuwa kijivu. Wachezaji wakaanza kunung'unika kwamba wanaonekana kama wamevaa vitambaa vya kudekia. Akaenda Marikiti akanunua rangi ya kuchovya, na iliyokuwapo ya kutosha jezi kumi na tatu ilikuwa ya kijani. Akazichovya kwenye sufuria la pilau, akazianika ua mzima, na mikono yake ikakaa kijani siku tatu. Alinionyesha alivyokuwa akizipindua kwa mwiko, mkono wa kushoto ukishika ukingo wa sufuria lisilokuwapo.

Wazee wawili walipolisikia hili walikataa kabisa. Nimeandika maelezo yote mawili, moja baada ya jingine, kila moja na mwenyewe. Mimi namwamini mama, na katika kitabu nitasema hivyo, lakini sina haki ya kuwafutia wazee walichoamini miaka yote walipoivaa jezi hiyo. Waulizeni waliofua, waliopika, waliofunga vidonda. Wao waliishika timu kwa mikono, na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Kuhusu ugomvi: kila timu ya mtaa imewahi kupasuka. Yetu ilipasuka kwa sababu ya mfadhili, nusu ya wachezaji wakaondoka, na hadi leo kuna watu hawakai baraza moja. Usiruke sura hiyo. Ukiruka, kila mzee atakayesoma atajua umeogopa, na hatayaamini mengine. Nenda kwa kila upande peke yake, na kabla ya kuchapisha msomee kila mmoja yale yanayomhusu. Tuhuma za pesa dhidi ya marehemu mimi nimeziacha nje, kwa sababu hawezi kujibu na watoto wake wanapita njia ileile ninayopita.

Karatasi zipo, ila zitafuteni baada ya kusikiliza, mkiwa mnajua mnachokitafuta. Sheria ya Michezo ya 2013 inataka vilabu viandikishwe kwa Msajili wa Michezo. Kabla yake vilabu vingi viliandikishwa kama vyama, kwa hivyo mahali pa kuuliza ni pawili. Nyumbani kwa makatibu wa zamani ulizieni cheti, risiti za ada na barua zenye mihuri. Magazeti ya Kiswahili ya zamani, Baraza lililoanza 1939 na Taifa Leo, yaliandika mpira wa Pwani, na Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Moi Avenue, Nairobi. Mimi nilikwenda huko nikiwa na mwezi na mwaka mkononi. Asiye navyo atafunua kurasa hadi macho yamuume.

Madaftari yetu mawili, kwa njia, moja lililiwa na mchwa. Lililobaki lina miaka minne ya mikutano, na sehemu kubwa ni orodha ya waliotoa mchango na waliochelewa. Nilitaka kuzipita hizo kurasa. Kisha nikaona jina la marehemu baba yangu, shilingi mbili, na mbele yake neno "bado". Wiki mbili baadaye, kwa kalamu nyingine, limekatwa na kuandikwa "ametoa". Nimeiingiza orodha yote kitabuni kama ilivyo.

Mswada nausoma barazani kwa Ami kila Jumanne baada ya magharibi, kurasa tano tano. Wananikatiza sana, na kila wakinikatiza naongeza. Wiki iliyopita mmoja wao alitaja kwamba yule kipa wa sanduku la bati yu hai, anaishi Kisauni, na kwamba mpira wa fainali ile ya 1979 aliondoka nao mwenyewe siku hiyo, ndani ya sanduku, chini ya nguo za shule. Ijumaa baada ya alasiri nakwenda kwake. Nimeambiwa umeshatoka upepo na ngozi imekauka, lakini bado anao, chini ya kitanda.