Mpangaji hajalipa miezi 4, usimng'olee mlango

Pole sana mkuu, umesema mpangaji wako hajalipa kodi miezi 4 na unataka kumng'olea mlango. Inauma kweli na we una watoto wa kusomesha, ila hilo wazo la kung'oa mlango achana nalo kabisa, mi nilishamtolea mtu vyombo nje nikajikuta mi ndo naitwa serikali ya mtaa kujieleza. Mkalishe kwanza, bila kelele, muandikishane deni mbele ya mjumbe alipe kidogo kidogo. Akigoma mpe notisi ya maandishi, baki na nakala aliyosaini. Hapo nenda Baraza la Kata, wao siku hizi wanapatanisha tu, ikishindikana ndo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mkataba upo lakini? Kama hamkuandikiana, tunza meseji zote za miamala aliyokulipa kwa simu.