Maswali ya Wasomaji: Maneno ya Kiingereza Yanayotuchanganya

SWALI: Ndugu Mhariri, kila ninapofundisha maneno "borrow" na "lend", wanafunzi wangu huyaelewa ubaoni kisha huyageuza katika madaftari, na wengi huandika "Please borrow me your pen". Je, kosa ni lao au ni langu? – Mwalimu wa shule ya msingi, Tanga.

JIBU: Mwalimu, kosa si lao wala si lako. Chanzo chake ni Kiswahili chetu, ambacho kwa kitenzi "kuazima" humtaja mtoaji na mpokeaji kwa neno moja. Anayesema "niazime kalamu yako" anaomba kupewa, na anayesema "nimeazima kalamu kwa rafiki" amekwisha kupewa, lakini kitenzi ni kile kile, kwa kuwa kazi ya kubainisha nani anatoa na nani anapokea tumekiachia kiambishi cha mtendwa pamoja na neno "kwa". Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa vitenzi viwili, na mtoto anayefasiri "kuazima" moja kwa moja hana budi kubahatisha.

Ningekushauri uliweke "kuazima" kando kwa muda, utumie jozi ambayo watoto wanaijua tangu dukani: kukopa na kukopesha. Sijapata kuona mtoto anayemchanganya mkopaji na mwenye duka. Anayekopa ndiye wa "borrow", anayekopesha ndiye wa "lend". Mjuzi wa lugha atalalamika kwamba kalamu haikopwi bali huazimwa, kwa sababu hurudishwa ile ile, ilhali kilichokopwa hurudishwa mfano wake. Lalamiko hilo ni la haki, ila kwa somo hili halidhuru, maana vitenzi hivyo vya Kiingereza hutumika kwa hali zote mbili. Kisha waonyeshe muundo wa sentensi: "I borrowed a pen from a friend", na kwa upande wa pili "A friend lent me a pen". Kitenzi "lend" hukubali mpokeaji atajwe mara tu baada yake, na "borrow" hakikubali. Ndiyo maana "borrow me" ni kosa.

Njia hiyo hiyo itakusaidia kwa "remember" na "remind", ambayo ni kukumbuka na kukumbusha, na kwa "learn" na "teach", ambayo ni kujifunza na kufundisha.

SWALI: Nilinyimwa alama kwa kuandika "less students". Kanuni yake ni ipi? – Mwanafunzi wa kidato cha pili, Mombasa.

JIBU: Hapa, mwanangu, Kiswahili kinakusaidia. Husemi "wanafunzi kidogo" bali "wanafunzi wachache", wala husemi "maji machache" bali "maji kidogo". Panapofaa "-chache", andika "fewer". Panapofaa "kidogo", andika "less". Tahadhari ni moja: masafa, muda na fedha Kiingereza huvichukua kama kiasi kizima hata vikitajwa kwa tarakimu, kwa hiyo "less than ten kilometres" ni sahihi. Inafaa ujue pia kwamba kanuni hiyo si ya kale sana. Waingereza walitumia "less" kwa vitu vinavyohesabika kwa karne nyingi, hadi mwandishi wa masuala ya lugha, Robert Baker, alipoandika mwaka 1770 kwamba yeye aliona "fewer" lingefaa zaidi, na maoni hayo ya mtu mmoja baadaye yakageuzwa amri na walimu. Hata hivyo, mitihani haisahihishwi na wanahistoria, kwa hiyo ifuate.

SWALI: Kwa nini "its" ya umiliki haina alama ya ritifaa, ilhali "the dog's tail" inayo? – Karani, Dodoma.

JIBU: Kwa sababu ritifaa ya umiliki ni ya nomino, na viwakilishi vya nafsi havina haja nayo: angalia "hers", "ours" na "theirs". Katika karne ya 17 na ya 18 waandishi wengi waliandika "it's" hata kwa umiliki, lakini leo umbo hilo ni kifupi cha "it is" au "it has" peke yake. Unapoandika barua ya ofisi, soma sentensi yako kwa kuweka "it is" au "it has" mahali pa neno hilo. Ikiwa haileti maana, iondoe ritifaa.