Jibu: Je, riwaya za Kiarabu, za Kiafrika na za Kimarekani zinalinganishika?

Ndugu yangu, umeuliza kama riwaya hizi zinaweza kulinganishwa katika suala la utambulisho, ilhali historia zake ni mbalimbali. Zinaweza, na mimi ningeanzia kwenye majina. Msimulizi wa Mmarekani Ralph Ellison katika riwaya ya Invisible Man ya mwaka 1952, mtu mweusi ambaye jamii ya Marekani inakataa kumwona, hatajwi jina tangu mwanzo hadi mwisho. Na yule wa Tayeb Salih katika riwaya ya Season of Migration to the North (kwa jina lake la Kiingereza), anayerejea kijijini kwake kando ya mto Nile baada ya masomo Uingereza, naye hana jina. (Salih, Msudani aliyeandika kwa Kiarabu, utamweka fungu lipi? Sisi wa mwambao swali hilo tumelizoea.) Hapa Tanga hatuwezi kumruka Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, ambaye katika Kusadikika ya mwaka 1951 alifanya kinyume: majina yenyewe ndiyo yanayosema, Karama akiwa mshitakiwa na Majivuno mshitaki wake. Nadhani siasa ndiyo iliyomsukuma, kwa kuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni asingeweza kuilaumu waziwazi, hivyo akajenga nchi inayoelea angani.