Wadogo zangu mnaobeba kamera za miradi

Nimepitia picha za video mlizorudi nazo kutoka Longido na Kibosho, na nimeona yaleyale waliyoyafanya waliowatangulia. Macho mnayo, bidii mnayo. Someni haya kabla hamjapakia gari tena.

1. Sauti kwanza. Upepo wa Longido hauna huruma, na maiki ya juu ya kamera huunasa kuliko inavyomnasa mama anayezungumza. Mbaneni maiki kifuani, ifunikeni manyoya, vaeni hedifoni muda wote.

2. Umeme wetu ni wa hezi 50. Darasani au zahanati kwenye tyubulaiti, wekeni fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, la sivyo picha itapepesa. Jua la saa sita hapa linashuka wima na kutia weusi machoni pa mtu. Hojini asubuhi, au mngoje saa kumi.

3. Droni isiyo na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ibaki kwenye begi.

4. Kuziba uso si kumficha mtu. Hapa tukae kidogo. Tangu Novemba 2021, Serikali iliporuhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito kurudi katika shule za kawaida, tumeombwa sana hadithi zao, na ni hadithi zinazostahili kusimuliwa. Timu moja ilimrekodi binti wa namna hiyo katika kata moja chini ya Mlima Meru. Walimkalisha dirisha likiwa mgongoni, uso ukawa kivuli kitupu. Ofisini wote walisifu. Kisha video ikaingia kwenye makundi ya WhatsApp ya kijiji, na jioni ileile shule nzima ilishamjua. Sauti ilikuwa yake. Sweta lilikuwa na nembo ya shule. Dirishani lilionekana duka la jirani. Mtoto alilia nyuma ya kamera, bibi akamwita kwa jina, na hakuna aliyekata kipande hicho.

Niliitwa kuihariri upya wakati imeshatapakaa kwenye simu za watu. Wenzake walikuwa wakimkariria maneno yake mwenyewe, hasa pale aliposimulia jinsi baba yake alivyomfukuza, jambo alilolisema akiamini linakwenda Ulaya. Aliacha kwenda shule, shule ileile tuliyokuwa tunashangilia kwamba amerudi. Bibi yake alituuliza kama tunaweza kuifuta kwenye simu zote. Fomu ya ridhaa ilikuwepo, imesainiwa, imeandikwa “mawasiliano ya mradi”. Nani alimweleza kwamba mawasiliano hayo yatafika kwa mwenyekiti wa kitongoji?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, kwa hiyo msiichukulie ridhaa kama karatasi ya kuambatanisha na ripoti. Shikeni simu mkononi mwambieni: jirani yako ataiona hii. Muulizeni ni nani asingependa aione. Ikibidi, maneno yake yasomwe na mtu mwingine, avae nguo za nyumbani, mrekodi mikono tu. Rasimu aione yeye na mlezi wake kabla ya mfadhili, na akisema kitu kitoke, kinatoka siku hiyohiyo.

5. Mkalimani asiwe kiongozi wa kijiji, hasa mnapouliza habari za maji au ardhi.

6. Mavazi. Kwenye picha za Kibosho nimemsikia mmoja wenu akimwomba mzee avue koti lake la kanisani ili “aonekane mkulima”. Mzee alikuwa amesimama kwenye kahawa yake, mkasi wa kupogolea mkononi! Alivaa koti kwa sababu wanawe walioko Dar wataiona video, na alikuwa na haki hiyo. Mmemvua, mkapata picha ya mtu aliyenyong’onyea asiyejua aweke wapi mikono. Rudini kwake wiki ijayo, mpeni shikamoo, mwombeni radhi, mmrekodi alivyojiandaa. Mfadhili akilalamika kwamba mzee haonekani mhitaji, nipeni namba yake nizungumze naye mimi.