Anzeni na daftari la fedha kabla ya andiko la mradi

Asasi ndogo za kiraia hapa Tanzania huomba zaidi mafunzo ya aina tatu: kutafuta fedha, utetezi (kushawishi mamlaka kwa niaba ya wananchi) na usimamizi wa fedha. Mahudhurio yake hufanana karibu kila mahali, kwa kuwa viongozi wote hujitokeza siku ya kutafuta fedha, wengi hubaki kwa ajili ya utetezi, na siku ya hesabu huachiwa mhasibu peke yake. Nimetunza vitabu vya asasi za wilayani na baadaye nikawafundisha wengine, na ushauri wangu ni kwamba mpangilio huo ugeuzwe: mwenyekiti, katibu na mweka hazina waanze pamoja na hesabu, kwa sababu andiko la kuombea fedha linaloaminika na hoja nzito ya utetezi hutoka humo.

Tuangalie bajeti ya andiko. Tuseme asasi hulipa kodi ya ofisi shilingi 300,000 kwa mwezi, umeme na intaneti 100,000, na mshahara wa mhasibu 600,000. Hiyo ni milioni 1 kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka, na hakuna mradi unaoweza kuendeshwa bila gharama hizo. Ikiwa mradi unaoombewa ruzuku utachukua asilimia 60 ya kazi za ofisi, basi milioni 7.2 ni gharama halali za mradi huo na zinapaswa kuandikwa, pamoja na maelezo ya jinsi zilivyokokotolewa. Nimesoma maandiko mengi ambayo hayana hata mstari mmoja wa kodi ya ofisi, kwa hofu kwamba mfadhili ataiona asasi kuwa na tamaa. Matokeo yake ni kwamba semina za mradi hufanyika vizuri huku mwenye nyumba akidai, kisha mratibu huchota fedha za mradi mwingine ili kumlipa, na hapo mkataba wa mfadhili wa pili unakuwa umevunjwa. Wafadhili wengine huweka kikomo cha gharama za uendeshaji. Ulizeni kikomo hicho mapema, na kama hakitoshi, bodi iamue kwa tarakimu zilizo mezani kama ruzuku hiyo inafaa kupokelewa.

Ruzuku nyingi hutolewa kwa awamu, na awamu ya pili husubiri taarifa ya awamu ya kwanza. Taarifa hiyo hukwama kwa sababu ndogo sana, hasa viambatisho vya malipo. Mama lishe wa kijijini na dereva wa bodaboda hawana mashine ya EFD ya kutoa risiti za kielektroniki, kwa hiyo andaeni fomu ya malipo yenye jina, namba ya simu, sababu ya malipo, kiasi na saini, na mfadhili aikubali kwa maandishi kabla ya safari ya kwanza. Masurufu, yaani fedha anazokabidhiwa mtu kwa safari au kazi, yarejeshwe kwa hesabu kabla ya mtu kupewa mengine. Katika ofisi ya watu watatu ni vigumu kutenganisha anayeidhinisha malipo na anayelipa, hivyo mjumbe mmoja wa bodi asiye mtumishi alinganishe daftari la fedha na taarifa ya benki kila mwezi, na aweke saini yake.

Kuhusu utetezi nina msimamo mkali zaidi. Asasi nyingi hufanya ufuatiliaji wa matumizi ya fedha za umma, unaojulikana kama PETS, na ni kazi muhimu sana, kwa kuwa mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, ndipo mahali pa wananchi kusomewa mapato na matumizi yao. Lakini mtendaji wa kijiji anayeulizwa hesabu ana haki ya kuuliza asasi nayo imepokea kiasi gani kwa jina la wananchi hao hao. Marekebisho ya kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2018 yaliweka wajibu wa kutangaza fedha zilizopokelewa na matumizi yake, na wa kuwasilisha mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 kwa Hazina na kwa Msajili wa mashirika hayo ndani ya siku 10. Msiishie kwenye kutimiza kanuni. Bandikeni ukurasa mmoja wa mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo wa kata, kwa Kiswahili chepesi, kabla ya kwenda kuuliza ya wengine.

Zingatieni pia kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na Bunge hujadili bajeti kuanzia Aprili, lakini vipaumbele vya vijiji hupita kwenye kamati ya maendeleo ya kata na kufika halmashauri miezi mingi kabla ya hapo. Asasi inayodai matundu ya vyoo vya shule mwezi Mei imechelewa.

Mwaka 2025 Marekani ilisitisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje na kuifunga USAID, na asasi zilizotegemea mfadhili mmoja ziliumia sana. Ada za wanachama na michango ya wazawa wa wilaya wanaoishi mijini ni fedha ndogo, lakini hazifungwi na mradi. Kila mchango upate stakabadhi, na wachangiaji wasomewe matumizi kabla ya kuombwa tena. Msiweke kwenye bajeti lile fungu la asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kana kwamba ni ruzuku, kwani ni mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Mkialika mkufunzi, mwombeni afanyie kazi daftari lenu, taarifa yenu ya benki na mkataba mlio nao, badala ya mifano ya kubuni. Katika makubaliano naye ingizeni ziara moja ya ufuatiliaji baada ya miezi mitatu, na nauli yake iwemo kwenye bajeti tangu mwanzo.