Je, mitambo ya Turkana inafukuza mvua?

Ndugu, umeuliza kama mitambo ya umeme wa upepo ya Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana kaskazini mwa Kenya, ndiyo inayofukuza mvua. Swali la haki kabisa, maana watu wamezika mifugo iliyokufa kwa ukame.

Athari ipo. Panga la mtambo likizunguka linanyonya nguvu ya upepo, na nyuma yake upepo hupungua kasi. Kwenye mitambo ya baharini huko Ulaya hali hiyo hufika makumi ya kilomita. Usiku, ardhi ikishapoa, mapanga huvuta hewa ya vuguvugu kutoka juu na kuichanganya na ya baridi iliyo chini. Setilaiti zimeliona hilo Texas. Lakini joto hilo limehamishwa tu kutoka juu kwenda chini. Mapanga yakisimama linakwisha, wakati kaboni itokanayo na kuchoma mafuta na makaa ya mawe hubaki angani karne na karne.

Mwaka 2018 watafiti Miller na Keith wa Chuo Kikuu cha Harvard walikokotoa kwamba Marekani ikizalisha umeme wake wote kwa upepo, joto la usoni mwa ardhi kwao lingepanda nyuzi 0.24 za Selsiasi. Hilo si la kupuuzwa.

Sasa Turkana: mitambo 365, megawati 310, ncha ya panga mita 70 hivi kutoka ardhini. Ule upepo mkali unaopenya kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya una kiini chake mamia ya mita juu ya hapo, kwa hiyo mapanga hayakifikii. Ukame wa 2020 hadi 2022 tuutafute kwenye La Niña (kupoa kwa maji ya Bahari ya Pasifiki kunakobadili mvua) na ongezeko la joto duniani.