Fomu za safari za Kongresi: anza na mfadhili, gharama baadaye

Mkuu, umeuliza kama zile fomu za safari za wabunge wa Marekani zina faida yoyote au ni makaratasi tu, maana mwongo ataandika uongo. Zina faida kubwa. Nipo Maryland, na kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kufuatilia miswada ya misaada kwa Afrika, kwa hiyo nimezipekua sana.

Mbunge au msaidizi wake akialikwa safari inayolipiwa na taasisi binafsi, lazima apate kibali cha Kamati ya Maadili kabla ya kuondoka. Akirudi, wa Baraza la Wawakilishi ana siku 15 kuwasilisha fomu, wa Seneti siku 30. Baada ya hapo yeyote anaweza kuisoma mtandaoni bila kulipa.

Wengi wakiifungua wanakimbilia bei ya tiketi. Mimi naanza na karatasi ya mfadhili. Katika Baraza la Wawakilishi, mfadhili anatakiwa kueleza kwa nini alichagua mji ule na hoteli ile, kisha atie saini. Halafu nasoma ratiba iliyoambatanishwa. Kuna moja ya wasaidizi waliokuja Afrika Mashariki kujifunza afya ya mama na mtoto: zahanati ilipewa saa moja, hifadhi ya wanyama siku nzima. Safari ilikuwa halali kabisa, lakini ukiisoma unajua nani alikuja kujifunza nini.

Sasa huo uongo. Mwaka 2002 mbunge Bob Ney wa Ohio alikwenda Scotland kucheza gofu na Jack Abramoff, yule mshawishi maarufu wa Washington, yaani mtu anayelipwa kuwashawishi wabunge. Kwenye fomu akaandika kwamba alikwenda kuhutubia wabunge wa huko, wakati bunge lao lilikuwa likizo. Maelezo hayo ya uongo yakawa sehemu ya kesi yake. Alikiri makosa na Januari 2007 akahukumiwa miezi 30 jela. Mwaka huohuo masharti ya safari yakakazwa.

Hata hivyo werevu hawakuisha. Mwaka 2013 wabunge 10 na wasaidizi 32 walikwenda Baku, Azerbaijan. Wafadhili waliotajwa ni taasisi zisizo za kibiashara, kumbe dola 750,000 zilitoka SOCAR, kampuni ya mafuta ya serikali ya Azerbaijan. Kevin Oksuz, aliyeongoza taasisi moja ya Houston, alikiri mahakamani mwaka 2018 kwamba alificha chanzo cha fedha hizo. Kilichomtia hatiani ni tamko alilolipeleka mwenyewe kwa Kamati ya Maadili. Pasingekuwa na fomu, angeshtakiwa kwa lipi?

Tafadhali usiyaruke majina ya wasaidizi. Anayepiga kura ni mbunge, lakini anayekesha na muswada na kuamua kifungu kipi kipelekwe kwa bosi ni kijana wa ofisini kwake, ambaye hakuna mpiga kura anayemjua. Wenye fedha wanalijua hilo siku nyingi, ndiyo maana wanawaalika.

Na haya mambo yanahitaji macho ya watu. Mwaka 2014 Kamati ya Maadili ya Baraza la Wawakilishi iliondoa kimyakimya sharti la kutaja safari hizi kwenye taarifa ya mali ya kila mwaka. Waandishi wa National Journal, jarida la siasa la Washington, wakaligundua, kelele zikapigwa, na baada ya siku chache tu sharti likarudishwa.

Pengo ninaloliona kubwa ni safari zinazolipiwa na serikali za kigeni chini ya sheria ya 1961 ya mabadilishano ya elimu na utamaduni. Hizo hazina fomu ya siku 15. Hutajwa kwenye taarifa ya mali ya mwaka, na wasaidizi wa mishahara ya chini hawawajibiki kuijaza taarifa hiyo. Kijana anaweza kupelekwa ng'ambo wiki nzima kwa fedha za serikali ya nchi nyingine, akarudi kuandika muswada unaoihusu nchi hiyohiyo, na usipate karatasi hata moja yenye jina lake.